Najua michanganyo thelathini ya salsa, mbona hawarudi kucheza nami?

SWALI: Mwalimu, nina miaka 31, naishi Umoja na nafanya kazi mjini. Nimejifunza salsa kwa mwaka mmoja na nusu. Darasani nasifiwa, na michanganyo, yaani hatua na mizunguko iliyopangwa mfululizo, ninayoijua kwa moyo imepita thelathini. Lakini nikienda kwenye usiku wa salsa kule Westlands, dada hucheza nami wimbo mmoja, anashukuru, basi. Nikimrudia baadaye ananiambia amechoka, na wimbo unaofuata namwona sakafuni na mtu mwingine, tena mtu anayecheza vitu rahisi kuliko vyangu. Nakosea wapi? Je, nihamie kucheza kwa mbili badala ya kwa moja, yaani nibadilishe mwelekeo wa mwili kwenye pigo la pili badala ya la kwanza? Jambo la mwisho: nimekuwa mtu wa ajabu. Nahesabu nane nikiwa kwenye matatu, nazunguka jikoni nikisubiri maji yachemke, na mchumba wangu, ambaye hachezi salsa, ameanza kuuliza kama mchezo huu umenichukua. Nisaidie.

JIBU: Ndugu yangu, nimefundisha salsa hapa Nairobi kwa miaka mingi na swali lako huniijia mara kwa mara, karibu kila mara kutoka kwa mwanamume mwenye bidii kama wewe. Nianze na hesabu, kwa sababu jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe.

Wimbo wa salsa wa kasi ya wastani huenda kwa mapigo kama 180 kwa dakika. Sisi wachezaji tunayahesabu nane-nane: tunakanyaga moja, mbili, tatu, tunaacha nne, tunakanyaga tano, sita, saba, tunaacha nane. Kwa kasi hiyo nane moja haimalizi hata sekunde tatu, na wimbo wa dakika 4 una nane 90 hivi. Mchanganyo wa darasani hula nane tatu au nne, mingine hata sita. Basi mtu mwenye michanganyo thelathini anaweza kuimwaga yote katika wimbo mmoja asibakize hata nane moja ya kuvuta pumzi. Naamini ndivyo unavyofanya. Dada anayekwambia amechoka huenda anasema kweli tupu, maana kwa dakika nne nzima amekuwa akikisia mkono wako unaelekea wapi. Yule anayecheza vitu rahisi alimzungusha mara moja, akampa nane mbili za hatua ya msingi huku wote wawili wakisikiliza tarumbeta, kisha akamvusha upande wa pili bila haraka. Mikononi mwake dada aliusikia wimbo. Ndiyo maana anamrudia.

Na usishangae kwamba darasani unasifiwa. Darasani mwalimu ametangaza mchanganyo, akauonyesha, akahesabu. Mwenzako anajua unakwenda wapi kabla hujamgusa, na anafika hata ukimwongoza vibaya. Kwenye usiku wa salsa unakutana na mtu aliyejifunzia kwingine, ambaye hajawahi kuuona mchanganyo wako na hana sababu ya kuukisia. Hapo ndipo uongozi wako unapopimwa kwa mara ya kwanza. Unachokosa ni kusikiliza, na kunakosekana mahali pawili: kwenye muziki na kwenye mwili wa mwenzako.

Tuanze na muziki, kwa kuwa furaha yote iko huko. Keti jioni moja, weka wimbo masikioni, usicheze. Tafuta konga, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono. Mpigaji wake hupiga kofi kali kwenye pigo la mbili, na akifika nne hutoa sauti mbili nzito, za wazi, zinazofuatana. Sauti hizo mbili ndizo zinazokusukuma kuingia pigo linalofuata. Kwa hiyo ile nne uliyofundishwa kuwa ya kupumzika ndipo ngoma inaposema kwa nguvu. Anayelijua hilo hagandi kwenye nne na nane. Anahamisha uzito wa mwili polepole, kiuno kinamalizia hatua iliyopita, na mwenzake anaihisi ngoma kupitia kiganja chake.

Kisha tafuta besi. Wengi wanaopoteza hesabu hupotezwa nayo, kwa sababu tumezoea muziki wa disko ambao besi hugonga moja waziwazi. Kwenye salsa besi hutangulia: mara nyingi hupiga baada kidogo ya mbili, ikapiga tena nne, na ile moja ikaachwa tupu. Ukiifuata kwa miguu bila kujua unajikuta nusu hatua mbele ya kila mtu.

Halafu kuna klave, vile vijiti viwili vya mbao. Mapigo yake ni matano tu ndani ya nane: upande mmoja una matatu, upande wa pili una mawili. Ukianza na upande wa matatu, yanaangukia moja, katikati ya mbili na tatu, nne, kisha sita na saba. Nyimbo nyingine huanza na upande wa mawili. Mara nyingi klave haipigwi kabisa, lakini piano, tarumbeta na sauti ya mwimbaji vimepangwa kuizunguka. Wewe unayehesabu nane kwenye matatu, endelea, ila badala ya kuhesabu kimoyomoyo gonga klave kwa vidole kwenye goti lako. Kutoka Umoja hadi mjini, kwa foleni ya Jogoo Road, ni mazoezi ambayo hakuna darasa litakalokupa.

Sasa sikiliza wimbo wote unavyosimama. Mwanzoni mwimbaji anasimulia kisa chake, na bongo, zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, zinatembea chini chini. Kisha unaingia montuno: waitikiaji wanarudia mstari mmoja, mwimbaji anawajibu kwa maneno ya papo hapo, na mpigaji wa bongo anaziweka bongo pembeni na kushika kengele ya mkononi. Kengele hiyo hugonga moja, tatu, tano, saba kwa uwazi ambao hata mgeni kabisa anaweza kuufuata. Tarumbeta zinaingia, moto unapanda. Mchezaji anayesikia hivi ana ramani. Kisa kinaposimuliwa, anampa mwenzake hatua ya msingi, anamvusha, anamzungusha mara moja, safi. Kengele ikiingia anaongeza. Tarumbeta zikilipuka anaachia mikono, kila mmoja acheze miguu yake wakiwa wametazamana. Na muziki ukikatika ghafla, anasimama. Wewe ukisimama na yeye akasimama pigo lile lile, atacheka kwa sauti, nakuhakikishia, na hakuna mchanganyo kati ya ile thelathini utakaomletea kicheko hicho. Nimeona watu wasiojuana majina wakikumbatiana mwisho wa wimbo kwa sababu ya mkato mmoja walioupata pamoja. Mimi mwenyewe hilo ndilo linalonitoa nyumbani baada ya siku ndefu ya kazi.

Usiniambie muziki huu ni wa kigeni kwako. Waafrika waliotekwa kutoka nchi za Kongo walipelekwa Cuba utumwani, na konga imetokana na ngoma zao. Huko mashariki ya Cuba ikazaliwa aina ya muziki iitwayo son. Kuanzia mwaka 1933 sahani za santuri za mfululizo ulioitwa G.V. zikaileta son hiyo Afrika. Watu wa Leopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wakaisikia, wakaitambua, wakaitia gitaa na Kilingala, ikawa rumba. Wanamuziki wa Kongo wakahamia Nairobi na bendi zao: Super Mazembe, Les Mangelepa, baadaye Virunga ya Samba Mapangala. Wazazi wetu wakaicheza hapa hapa. Upande wa pili wa bahari, son hiyo hiyo na muziki wa dansi uitwao mambo vikachanganyika New York, na kampuni ya kurekodi muziki ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci, ikaieneza kwa jina la salsa. Septemba 1974 Fania All-Stars, bendi ya nyota wa kampuni hiyo, mwimbaji Celia Cruz akiwemo, walipiga Kinshasa kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Pigano lenyewe liliahirishwa hadi Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, lakini muziki haukungoja. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Nimekueleza yote hayo kwa sababu ya kazi, ndugu. Masikio yako yamekulia kwenye klave, ila hukuambiwa jina lake. Jumapili redio ikipiga rumba za zamani, cheza hatua yako ya msingi juu yake, taratibu, bila kuzungusha mtu. Mwili wako utalegea mahali ambapo darasa limeukaza. Wanafunzi wangu waliokulia kwenye nyumba za rumba huwa na kiuno kizuri tangu siku ya kwanza, kisha wanakificha miezi sita kwa kuwa wanatafuta mikono iende wapi.

Kuhusu kucheza kwa mbili: subiri. Mtindo huo wa New York, ambao Eddie Torres aliupanga na kuufundisha hadi ukaenea duniani, hubadilisha mwelekeo wa mwili kwenye pigo la pili na la sita, pamoja na lile kofi la konga. Ni mtamu sana na siku moja utaupenda. Wenzetu wanaocheza kwa moja, mtindo wa Los Angeles, hubadilisha kwenye moja na tano. Waliojifunza casino, mtindo wa Cuba uliopewa jina la klabu ya Casino Deportivo ya Havana, huzungukana badala ya kwenda kwenye mstari. Ukihamia kwa mbili sasa utajifunza michanganyo ile ile kwa hesabu nyingine na dada atachoka vile vile. Kaa kwenye moja mpaka uweze kulipata pigo hilo la moja wimbo ukiwa katikati, nawe umepotea, bila kumtazama mtu mwingine miguuni.

Sasa mwenzako. Anayeufuata uongozi wako ni kama abiria aliyesimama kwenye matatu: dereva akikata kona bila dalili, anarushwa. Dalili lazima itoke kabla. Mzunguko unaotaka aufanye kwenye tano huanza kuuomba kwenye tatu, kwa kifua chako na kwa mkono unaopanda polepole, na kufika nne ameshaelewa. Ukiuomba kwenye tano yenyewe unakuwa unamvuta. Na ukimvuta, bega lake linakukumbuka, ndiyo sababu ya pili ya kutorudi. Usimbane kwa kidole gumba. Usimfunge mkono, vidole vyako viwe ndoano laini anayoweza kujitoa wakati wowote. Akizunguka, mkono wako uwe juu ya kichwa chake, karibu, usimpeleke mbali akapoteza mhimili. Mjaribu kwanza kwa hatua ya msingi na mzunguko mmoja. Hizo nane chache za mwanzo zitakwambia kama anapenda kasi, kama anapenda kucheza miguu peke yake, kama ana goti linalomsumbua. Baada ya hapo ndipo uchague. Na akikosea, basi amekwenda mahali ambapo wewe hukumpeleka vizuri. Tabasamu, endelea, badilisha. Usimfundishe katikati ya wimbo. Hakuna kitu kinachoua usiku wa mtu haraka kama mgeni kumwambia "ulipaswa kugeuka kushoto".

Wala usimlaze chini mtu usiyemjua. Kumwinamisha mtu kunataka makubaliano na mgongo mzima, na wewe huna habari ya mgongo wake. Sakafu zetu Ijumaa hujaa, kwa hiyo kabla ya kumpeleka mwenzako popote tazama nyuma yake kuna nani. Visigino vinaumiza kweli. Anayemlinda mwenzake asikanyagwe huombwa na wanawake wenyewe, hilo nimelishuhudia kila mahali nilipocheza.

Kuna mambo ya mwili ambayo wanaume hawaambiwi usoni, nami nitakuambia. Beba mashati mawili ya kubadilisha, matatu kama unatoka jasho jingi, na taulo ndogo. Badilisha kabla shati halijaloa kabisa. Piga mswaki ukitoka kazini. Manukato kidogo tu, maana kwenye joto la ukumbi yanaongezeka. Viatu vyako viwe na soli laini ya ngozi, kwa sababu soli ya mpira inang'ang'ania sakafu, mwili unazunguka na goti linabaki. Si lazima ununue viatu vya bei. Fundi mzuri wa viatu anaweza kukubandikia ngozi hiyo kwenye viatu vyako vyepesi vya zamani.

Ukimwomba mtu, msogelee mahali anapokuona, mwangalie, mwulize "tucheze?" na mkono wako uwe wazi. Akikataa, jibu ni "asante, hamna shida", na usikae hapo ukisubiri sababu. Kwa wimbo ule usimfuate tena, wala dakika kumi baadaye. Ikiwa amekataa mara mbili usiku huo, mwachie yeye akuombe, akitaka. Wimbo ukiisha, mshukuru na umsindikize hadi pembeni mwa sakafu. Na usiwaombe wale watano wanaocheza vizuri tu. Waombe wanafunzi wapya, waombe akina mama waliokuja na binti zao, waombe waliokaa tangu saa tatu bila kuinuliwa. Kwa mgeni michanganyo haitakusaidia kitu, na hapo ndipo utakapojifunza kuongoza hatua ya msingi iliyo na uhai. Kila mchezaji bora ninayemjua katika mji huu alipitia huko, na wengi bado wanarudi huko kwa hiari.

Hilo nalo ni sehemu ya utamu wa mchezo huu. Hapa Nairobi mtu wa Runda na mtu wa Kayole wanaweza kufanya kazi jengo moja miaka kumi wasisalimiane. Kwenye sakafu ya salsa karani anamwongoza daktari, fundi wa magari anaombwa na wakili, na hakuna anayeuliza mtu anafanya kazi gani mpaka wanapotafuta teksi ya kushirikiana kurudi nyumbani. New York ilikuwa hivyo hivyo kwenye ukumbi wa Palladium hadi ulipofungwa mwaka 1966: Wapuerto Riko, Wamarekani weusi, Wayahudi, Waitaliano, wote kwenye sakafu moja enzi za muziki wa mambo. Mimi nathamini jambo hili kuliko mtindo wowote wa miguu.

Kwa hiyo usiogope tabia zako mpya. Sisi sote tuko hivyo. Tunatembea na begi la viatu na mashati kwenda ofisini. Tunamjua mtu kwa uzito wa mkono wake miaka miwili kabla ya kujua jina lake. Tunakaa kwenye baa usiku kucha kwa chupa za maji, jambo ambalo wenye baa wanaoandaa usiku wa salsa wanalijua vizuri, kwa hiyo nunua chakula kidogo pale ili waendelee kutukaribisha. Tunasimama katikati ya supamaketi tukitafuta pigo la moja la wimbo unaopigwa juu ya rafu. Kuzunguka jikoni maji yakichemka ni mazoezi mazuri ya mhimili, ila fanya ukiwa mbali na jiko.

Lililobaki ni mchumba wako, na hapa swali lake ni la haki. Salsa ina mikono ya watu wengine, ina usiku, na ina nauli. Anayekungoja nyumbani anaona unaondoka na shati lililopigwa pasi na kurudi umelowa na furaha isiyomhusu. Mwalike aje aone mara moja, akae na watu wako, ajue majina. Ucheze naye kwanza kabla ya kumwomba mtu mwingine yeyote, hata kama ni kuhamisha uzito tu mkiwa mmesimama mahali pamoja. Usimgeuze mwanafunzi wako sebuleni; wapenzi wengi wamenunia salsa kwa sababu ya masomo ya sebuleni. Lakini umesema hachezi salsa, hukusema hachezi kabisa. Kwenye harusi rumba ikipigwa anakaa? Kama anainuka, basi anayo tayari klave niliyokueleza, na mnaweza kuanzia hapo, kwa wimbo anaoujua yeye, yeye akikuonyesha. Akiona haumfai, heshimu. Chagueni pamoja siku moja ya wiki iwe yako, mwambie saa utakayorudi, na urudi saa hiyo hata kama dijei ndiyo kwanza ameweka wimbo unaoupenda.